Kibakuli cha Kwanza

Walubengo alichekwa mchana kweupe, tena na watu wastaarabu, ambao kicheko chao huuma zaidi kwa sababu hukifunika kwa kiganja. Gordon, kocha anayefundisha watoto gofu, aliweka mpira kwenye nyasi, akaulenga, akaupiga vizuri tu. Mpira ulianza safari kwa adabu, halafu ukageuza nia hewani, ukapinda kushoto na kuzama kwenye matete. Wa pili ukapinda kulia. Wa tatu ukarudi kushoto tena, na mbeba mifuko mmoja akashindwa kujizuia.

"Hii imetoka Obunga ikiwa imelewa," alisema.

Kweli ilikuwa imetoka Obunga, mtaa wa mabanda wa Kisumu. Walubengo aliitengeneza mwenyewe, katika kibanda cha mabati kilichoungana na nyumba yake ya kupanga, na kwa ajili ya kuja kuikabidhi alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Sasa alisimama pembeni na shati lake, akiwa hajui aweke wapi mikono.

"Bwana Walubengo," Gordon alisema, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi, "zile sampuli uliniletea zilikuwa sawa kabisa. Mimi mwenyewe nilizipiga. Hizi ni nini sasa?"

"Ni moldi ile ile, Bwana. Raba ni ile ile. Hata mimi sielewi."

"Watoto wangu hawawezi jifunza na mpira inaenda inapotaka."

Mzee Saleh alimsindikiza mpaka getini. Yeye ni mfanyabiashara wa Mamboleo, wa vyuma na mashine kuukuu, na ndiye aliyemtafutia Walubengo kazi hii. Zaidi ya hayo, ndiye mwenye ile presi, mashine ya kukandamiza inayofanya kazi yote. Alimwachia Walubengo akae nayo bila kumwandikisha popote, kwa kuwa alimpenda.

"Sikiza, kijana yangu," alisema, akikwepa kumtazama. "Kuna mtu wa kandambili anaitaka hiyo presi. Anakuja na pikapu Ijumaa. Ukinipa mipira mizuri kabla ya swala ya Ijumaa, nitamwambia arudi alikotoka. Ukikosa, usinilaumu. Mimi pia niko na watu nyumbani."

"Sitakulaumu, mzee."

Alisema kweli. Hakuwa na sababu ya kumlaumu mtu aliyemtendea wema. Lakini njia nzima alikuwa akiwaza jambo moja, kwamba bila presi yeye si fundi tena. Atakuwa mtu mwenye nguvu tu, na Obunga ina watu wenye nguvu wengi kuliko kazi.

*

Mpira wa gofu wa aina hii, ukiupasua, unafanana na yai la kuchemsha. Ndani mna kiini cha raba kilichopikwa kikawa kigumu. Juu yake kuna koti la plastiki, na juu ya koti kuna ganda jeupe lenye vishimo. Taabu yote iko kwenye koti. Walubengo hulitengeneza kwa vibakuli viwili vya plastiki ya moto, vidogo vya kuenea kiganjani, kila kimoja nusu ya mviringo. Kibakuli cha kwanza hulazwa kwenye moldi, kalibu ya chuma, kiini hukalishwa ndani yake, kibakuli cha pili hufunika, kisha presi hushuka na kuvishikanisha. Kiini kikikaa katikati, mpira unakwenda unakotumwa. Kikisogea unene wa ukucha tu, mpira unapata upande mzito, na ukishapata upande mzito hausikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja hukaa kwenye jiko, akalainisha plastiki juu ya bati na kuikandamiza kwenye kinu kidogo cha mbao mpaka iwe kibakuli. Mwingine hukaa kwenye presi. Wakati wa sampuli, mtu wa jikoni alikuwa Beldina, mke wa Walubengo, na tumbo lake kubwa mbele. Sasa Beldina alikuwa amejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, Debra, na daktari alikuwa amemkataza kuinua vitu na kukaa karibu na moto. Nafasi yake ikashikwa na mama yake, Perez, aliyetoka Port Victoria, anakouza omena, dagaa wa ziwani, kuja kulea mzazi na kichanga, akajikuta analea na mipira.

Hapo sasa pakawa na heshima yake. Mwanamume na mama mkwe hawazoeani, si kwa Waluo wa kina Perez, si kwa Wabukusu wa kina Walubengo. Hawapeani mkono. Hawali pamoja. Perez hakulala hata siku moja chini ya paa la mkwewe. Alilala kwa Kageha, jirani wa mlango wa pili, na kila asubuhi alibisha hodi kama mgeni. Alipoambiwa kuhusu kazi hakusita, lakini kwanza alifungua leso yake kiunoni, akaitundika katikati ya kibanda, yeye upande wa jiko, mkwewe upande wa presi. Chini ya leso wakaweka kigoda. Kilichotakiwa kuvuka kilivukia hapo.

Hata mtoto alivuka hivyo. Perez akitaka Walubengo amshike Debra, alimlaza kitandani, akatoka nje, ndipo baba akaingia kumwokota. Na maneno yao yote yalipitia kwa Debra, ambaye hata shingo yake haijakaza.

"Debra, mwambie baba yako uji iko tayari."

"Debra, mwambie nyanya yako asante, nakuja."

Msicheke. Mimi nimeona nyumba zilizovunjika kwa kukosa pazia la namna ile. Walubengo alimheshimu mama huyo kuliko alivyoweza kueleza, na alimshukuru Mungu kila alipokohoa upande wa pili wa leso, kwa maana ilikuwa dalili kwamba bado yupo.

*

Kuna njia ya kumkamata mpira mlevi. Unakoroga chumvi nyingi katika karai la maji mpaka mpira uelee, unauacha utulie, kisha unatia alama ya msalaba kwa kalamu pale palipotokea juu. Unauzungusha. Mpira mzuri utatulia popote. Mbaya utarudi na kukuonyesha msalaba ule ule, kila mara.

Tangu arudi kutoka uwanjani, Walubengo alikuwa anaonyeshwa msalaba. Alisafisha moldi, msalaba. Akabadilisha makaa, msalaba. Akapika viini vipya kutoka raba nyingine kabisa, akavizungusha kwanza peke yake karaini, vikawa safi. Akavivisha makoti, na msalaba ukarudi juu na kutulia hapo. Karibu na karai kulikuwa na rundo la mipira iliyokataliwa, na kila alipotupa mwingine juu yake, mlio wake ulisikika hadi kwa jirani.

"Beldina," alisema mwishowe, na sauti yake haikuwa nzuri, "muulize mama kama plastiki inapata moto ya kutosha."

 Perez akajibu kutoka upande wa jiko, taratibu sana.

"Beldina, mwambie baba Debra plastiki iko na moto sana. Na kama mikono yangu ndio mbaya, aseme tu. Omena iko Port Victoria inaningoja, na omena haijawahi kunikataa."

"Mwambie sijasema mikono ni mbaya!"

"Mwambie nimesikia vile amesema."

"Nyinyi wawili," Beldina alisema, "mnanichosha na mshono wangu."

Alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni mwa nyumba, pale upepo ulipopeleka harufu ya raba mbali na mtoto. Kutoka hapo aliona ncha zote mbili za leso. Ni yeye peke yake aliyeona pande mbili. Aliona mgongo wa mama yake ulioinama kwenye jiko, na aliona mume wake amesimama kwenye presi, jasho likimtiririka, akingoja.

Akingoja. Neno hilo lilimkaa Beldina kichwani. Kwa nini angoje?

Akatazama vizuri. Perez alimaliza kibakuli cha kwanza, akapitisha mkono chini ya leso, akakiweka kigodani, akaurudisha mkono haraka. Walubengo hakukigusa. Aliogopa mkono wa mama mkwe usije ukarudi ghafla na cha pili, vidole vikakutana. Alingoja mpaka cha pili kiwekwe na mkono urudi kwao kabisa, ndipo akaokota vyote viwili pamoja. Muda wote huo kibakuli cha kwanza kilikuwa kigodani, kinapigwa na upepo wa ziwa.

Beldina alipokuwa kwenye jiko, hakukuwa na kigoda. Kibakuli kilitoka kwenye mkono wake kikaingia kwenye mkono wa mume wake kikiwa moto, na cha pili kikafuata.

Alijua sasa, na kujua kwenyewe kukamfunga mdomo. Atasemaje? Amwambie mama yake kwamba heshima yake ndiyo inayoharibu mipira? Amwambie mumewe amguse mama mkwe, ili majirani wa plotini wapate la kusimulia, na kwao Port Victoria waseme Perez alikwenda kuzoeana na mkwe mjini? Akabaki amemkumbatia Debra.

Kageha alikuja na nepi alizokuwa amezianua, akamtazama mara moja tu.

"Wewe una jambo."

"Sina."

"Uko nalo. Mficha uchi hazai, Beldina, na wewe umeshazaa. Sasa unaficha nini?"

Beldina akacheka bila kutaka, akajishika mshono, na baada ya kicheko hakuweza tena kunyamaza.

"Mama," aliita. "Baba Debra. Simamisheni kazi kidogo. Kibakuli ya kwanza inapoa."

*

Walubengo aliviokota vibakuli viwili vilivyokuwa kigodani. Alivua glavu, akabonyeza cha pili kwa kidole gumba. Plastiki ikakubali, ikabaki na alama. Akabonyeza cha kwanza. Kilikuwa kigumu. Presi iliposhuka, upande wa moto ulikuwa ukitawanyika na kuwa mwembamba, upande wa baridi ukabaki mnene, na kiini kikasukumwa kutoka katikati. Aliyaona yote hayo kwa mara moja na akakaa chini kwenye debe.

"Ni kweli," alisema.

Hakuna aliyetaja leso. Walikuwa watu wanne wazima wenye akili timamu, na wote waliitazama, ila hakuna aliyeitaja. Walubengo akasema waweke makaa chini ya kigoda. Wakaweka. Kibakuli kikanata kwenye mbao, kikatoka na vumbi na moshi. Akasema wakifunike kwa kifuniko cha sufuria. Kikatoka jasho, na mpira uliotokana nacho ukaonyesha msalaba. Alhamisi ilikuwa inaelekea jioni. Walubengo akashika nguzo ya kibanda, akainamisha kichwa.

"Acha tu," alisema. "Acha mashine iende. Siwezi kumkosea mama kwa sababu ya mipira."

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya leso, na haikupitia kwa Debra wala kwa mtu yeyote.

"Walubengo."

Hakuwahi kulisikia jina lake katika kinywa hicho. Akasimama wima.

"Naam, mama."

"Mimi si mtu wa kuvunja chik, sheria ya wazee wetu. Lakini hii haya iko na mlango yake. Kwetu mtu anatoa kitu, na mwenzake anatoa kitu, wanashikana mkono mbele ya watu, imeisha. Kwenu hakuna?"

"Iko, mama. Kwetu ni blanketi na mbuzi."

"Mbuzi iko hapa?"

"Haiko."

"Basi mbuzi itakuja pole pole, mguu yake ni fupi. Leo nipe ile kitu uko nayo."

Walubengo akatazama kibanda chake. Kulikuwa na rundo la mipira mibaya, karai la chumvi, na mashine ambayo si yake. Kitu pekee cha thamani kilichokuwa chake ni glavu za ngozi, jozi moja, alizonunua alipoanza ufundi. Akazichukua. Akaingiza mkono chini ya leso, akasita, kisha akaona hiyo si njia ya kutoa zawadi. Akazunguka ncha ya leso, akasimama mbele ya mama mkwe wake, macho chini, akamnyooshea.

Kwa kuwa macho yake yalikuwa chini, kitu cha kwanza alichokiona ni mikono yake. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa vipande vya kitambaa, na pale kitambaa kilipoishia, ngozi ilikuwa imebabuka na kung'aa. Siku zote hizo mama huyu alikuwa anashika plastiki ya moto kwa kitambaa cha jikoni, na yeye, mwenye glavu, hakujua, kwa sababu hakuwahi kuitazama mikono yake.

"Mama," alisema. "Mbona hukusema?"

"Ningesema ungenikataza. Na mtoto wangu angelala njaa."

Walubengo alilia. Sioni sababu ya kulificha hilo. Alilia kama mtu mzima anavyolia, bila sauti, akipangusa uso kwa bega. Perez alivaa glavu moja, akajaribu kukunja vidole, halafu akamrudishia ile ya pili.

"Mkono yangu inayochomeka ni moja. Hii nyingine vaa wewe." Kisha akainuka, akaifungua leso pale ilipotundikwa, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mikono ya mkwewe. "Na hii ni yangu kwako. Mfunikie mtoto wetu."

Wakashikana mikono yote miwili, glavu na kiganja. Kageha, ambaye hakuna aliyemwomba, akapiga vigelegele mpaka wapangaji wakatoa vichwa milangoni.

"Mimi ndio shahidi!" aliwaambia. "Mtu akiuliza, mwambieni aje kwa Kageha. Nami pia nataka mguu ya hiyo mbuzi."

Wakarudi kazini. Kibakuli cha kwanza kilitoka kwenye mkono wa Perez kikaingia kwenye mkono wa Walubengo. Kiini kikakaa ndani yake, na cha pili kikafika kabla hajageuka kukidai. Presi ikashuka. Mpira ulipovishwa ganda na kupoa, Beldina aliomba aletewe pale mlangoni pamoja na karai lake. Akatia alama juu, akauzungusha. Msalaba ukaenda pembeni, ukakaa. Akauzungusha tena. Msalaba ukapotea chini ya maji, na mpira ukatulia huko huko, mweupe, bila kudai chochote.

"Nyasaye," alisema Beldina, akimwita Mungu kwa lugha ya mama yake.

*

Gordon alipiga mpira wa kwanza asubuhi ya Ijumaa, huku Saleh amevaa kanzu yake safi na Walubengo amevaa lile lile shati la kanisani. Mpira ulikwenda ulikotumwa. Wa pili ukaufuata, nayo yote iliyobaki. Gordon akachagua mmoja katikati ya mfuko, kwa kushuku, akaupiga kwa nguvu zote. Huo ulikwenda mbali zaidi ya wenzake, na mbeba mifuko aliyecheka siku ile akautazama mpaka ulipoanguka.

"Hii sasa ndio ile," Gordon alisema. "Fundi, nisamehe vile nilikuongelesha."

"Ulisema ukweli, Bwana. Asante kwa kunipa nafasi ya pili."

Saleh alikuwa ameshatoa simu, anamwambia mtu wa kandambili asijisumbue na pikapu. Alipomaliza, akamshika Walubengo bega, akalitikisa.

"Alhamdulillahi. Hujui vile nilikuwa nimelala vibaya. Ningeichukuaje hiyo mashine nyumba yenye kichanga?" Akasogea karibu. "Lakini niambie. Ilikuwa nini?"

Walubengo alifikiria kidogo. Kuna mambo ya nyumbani ambayo hata rafiki mwema haambiwi yote.

"Ilikuwa baridi, mzee," alisema.

"Baridi? Kisumu hii?"

"Kisumu hii hii."

Saleh akatikisa kichwa, akaenda kuwahi swala yake.

Walubengo alipofika nyumbani, Beldina alikuwa amelala, na alionekana amelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Leso ilikuwa imetandikwa juu ya kitanda. Debra alikuwa anatembezwa ndani ya chumba na nyanya yake, amevimbisha mashavu, anataka kulia. Perez alimsikia mkwewe mlangoni. Kwa mazoea, akageuka kwenda kumlaza mtoto kitandani ili atoke nje. Alikuwa ameshainama. Kisha akasita, akainuka na mtoto, akaja mpaka mlangoni.

"Ilienda?"

"Ilienda sawa, mama. Mashine inabaki."

Perez akafumba macho, midomo yake ikasogea bila sauti. Alipoyafumbua, alinyoosha mikono yote miwili, ule wenye vitambaa na ule mzima.

"Shika mtoto yako, basi. Mimi nimechoka."

Walubengo akampokea. Vidole vyao vikagusana chini ya shingo ya mtoto, na hakuna aliyevirudisha haraka.

"Orio, mama," alishukuru kwa lugha ya kwao, kwa kuwa Kiswahili hakikumtosha.

"Ero kamano, nyathina," akajibu Perez kwa yake, akimshukuru na kumwita mwanawe.

Hawakuhitaji mtu wa kuwatafsiria. Debra hakulia. Alikuwa amefika mikononi mwa baba yake na joto lote la nyanya yake.